Shemeji Alivyoidai Serikali

Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha biashara ndogo ya uchapaji, na mimi, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo ninayejua leja inafunguliwa upande gani, ndiye ninayemtunzia vitabu. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi sana kama asingekuwa na tabia ya kunisaidia.

Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na matumizi inayopelekwa kwa watoza kodi, aliiwasilisha mwenyewe, usiku wa siku ya mwisho. Nilipokuja kuilinganisha na leja, nikakuta leja ina mauzo ya 864,000 ilhali ritani inasema 846,000. Tofauti ya 18,000 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na kila mtunza hesabu aliyewahi kukesha na mizania iliyokataa kulingana anajua hiyo ni dalili ya nini: huenda tarakimu mbili zinazofuatana zimebadilishana nafasi. Jibu la mgawanyo huo, yaani 2,000, linaongeza kwamba tarakimu zenyewe zinazidiana kwa 2, kwa hiyo nilimwonyesha shemeji ile 6 na ile 4 kabla hata hajaniambia alipokuwa akiandika. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yangu anajua kuwa nimeingia kwenye uganga.

Nilimweleza kuwa hakuna la kutisha. Kosa la namna hiyo huondolewa kwa ritani ya marekebisho, na mlipakodi anayejitokeza mwenyewe kwa kawaida hutazamwa kwa jicho la upole kuliko yule anayengoja kubishiwa hodi, ingawa riba huhesabiwa tangu siku kodi ilipostahili kulipwa, wala si tangu siku dhamiri ilipomsuta. Tukakubaliana kwamba nitaijaza kesho yake. Shemeji hakuingoja kesho.

Sasa, katika mifumo mingi ya kodi, ritani ya marekebisho haiwekwi juu ya ile ya kwanza kama kiraka. Huiondoa kabisa na kukaa mahali pake, hivyo kila kisanduku hujazwa upya kwa kiasi kamili kilicho sahihi. Shemeji aliona vingine. Kama kilichosahaulika ni 18,000, basi cha kutaarifiwa ni 18,000. Akaifuta 846,000 kwenye kisanduku cha mauzo, akaandika 18,000, na vile visanduku vya matumizi, vyenye pango, mishahara, karatasi na wino, hakuvigusa, kwa sababu huko, kama alivyonieleza baadaye kwa uvumilivu mkubwa, hakukuwa na kosa lolote. Mahali palipoandikwa “Sababu ya marekebisho”, ambapo mtu mwingine angeeleza kuwa tarakimu ziligeuzwa, yeye aliandika: “Shemeji kagundua.”

Mfumo haucheki wala haushangai. Ulijumlisha, ukatoa, ukaona kwamba biashara iliyouza kidogo namna hiyo na kutumia kingi namna ile imepata hasara ya kutisha, ukahitimisha kuwa kodi yote aliyokwisha kuilipa mwaka ule ilikuwa imezidi. Asubuhi na mapema akanipigia simu.

“Shemeji, ile kazi nimeimaliza. Kumbe siku zote hizi mimi ndiye ninayewadai!”

Alikuwa ameshachagua hadi rangi ya mashine mpya. Nilijaribu kumwambia kwamba ombi kubwa la kurejeshewa kodi ni miongoni mwa mambo yanayowaamsha wakaguzi haraka kuliko mengine yote, naye akanijibu kwamba kijicho hakifai baina ya ndugu.

Barua ilipokuja ilikuwa na adabu kuliko nilivyotarajia. Iliomba leja ya mauzo, taarifa za benki, ankara na stakabadhi, pamoja na maelezo ya namna biashara yenye mauzo ya 18,000 kwa mwaka ilivyoweza kulipa mishahara ya 240,000. Shemeji aliisoma, akairudia, akakiri kuwa swali hilo, kwa kweli, lingemtatiza hata yeye.

Afisa aliyetupokea alikuwa mama mtulivu mwenye miwani, na faili letu lilikuwa wazi mbele yake.

“Bwana, mwaka mzima mliuza kiasi hiki tu?”

“Hapana, mama. Hicho ni kile tulichosahau.”

“Na kile mlichokumbuka kiko wapi?”

“Kipo kwenye ritani ya kwanza.”

“Ambayo umeiondoa.”

“Sikuiondoa, mama. Niliirekebisha.”

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaivua, nadhani kwa kutafuta pa kuuficha uso. Kisha akauliza shemeji aliyegundua ni yupi. Nilionyeshwa kwa kidole, na kwa fahari.

Hapo tungeweza kumaliza, lakini mkaguzi akishafungua vitabu hatazami ukurasa mmoja. Alipofika kwenye mali iliyobaki ghalani mwishoni mwa mwaka, hesabu ambayo shemeji huifanya mwenyewe na haruhusu mtu aiguse, aligundua kuwa maboksi ya karatasi yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko yaliyonunuliwa. Shemeji alifafanua bila kusita kwamba baadhi ni matupu, ila ni mazima kabisa, na yeye hatupi kitu kizima.

Mali ya kufungia mwaka ikizidishwa, gharama ya bidhaa zilizouzwa hupungua, na gharama ikipungua faida huvimba. Mtu huyu aliyekuja kuidai serikali alikuwa ameilipa kodi kwa faida iliyotokana na maboksi yasiyo na kitu ndani. Afisa alinitazama mimi, nami nikatazama dari.

Tulijaza ritani nyingine pale pale, kila kisanduku kwa kiasi chake kamili. Mauzo yalipanda, mali ghalani ikashuka, na baada ya moja kulipunguza jingine tukabaki na kodi ndogo ya kulipa pamoja na riba yake. Kwenye sababu niliandika mwenyewe kwamba tarakimu za mauzo ziligeuzwa na maboksi matupu yalihesabiwa kuwa mali. Afisa akaisoma kwa sauti, akaomba radhi, akatoka nje kidogo.

Aliporudi alikuwa na jambo moja zaidi. Mali inayofunga mwaka ndiyo inayofungua mwaka unaofuata, na kwa kuwa barua zilikuwa zimechukua muda wao, ritani ya mwaka uliofuata nayo ilikuwa imekwisha kuwasilishwa, ikiwa imeanza na maboksi yale yale. Ilibidi nayo irekebishwe, na unafuu tulioupata upande mmoja urudishwe upande wa pili.

“Hiyo niachieni mimi,” akasema shemeji akiivuta kibodi. “Nimeshajua inavyokwenda.”

Afisa na mimi tuliidaka kwa pamoja.