Hita Imesusa

Jamani, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga. Tanga joto halinunuliwi. Linakufuata mpaka chooni, linakuamsha usiku ugeuze mto, na hakuna anayekuletea bili yake mwisho wa mwezi. Sasa niambieni ilikuwaje, saa kumi alfajiri, nikawa nimepiga magoti chini ya nyumba huku Minnesota, Marekani, kikoi juu ya koti, simu mdomoni inamulika, nalibembeleza sanduku la bati, ile hita ya kupasha nyumba joto, liwake.

Kilichoniamsha ni pua. Mwili wote ulikuwa ndani ya blanketi, pua peke yake ndiyo ilibaki nje kama mlinzi, na mlinzi alikuwa ameganda. Mama Zuhura akanipiga kumbo. "Baba Zuhura, mbona hita haivumi?"

Themostati, kile kidude cha ukutani kinachopima joto na kuiamuru hita, inasoma 55. Hizo ni nyuzi zao za Kimarekani, kwa zetu ni kama 13. Nje ni 25 chini ya sifuri, za kwetu. Nasikia nyuzi zao na zetu hupatana mahali pamoja tu, kwenye 40 chini ya sifuri, na mimi naomba wasipatane nikiwepo.

Nikashuka. Kumbe hita haijafa, inajaribu. Kifeni kidogo cha kutoa moshi kinavuma kwanza. Halafu kiwashio kinaiva, chekundu, kisha cha machungwa, kama mkaa uliopulizwa. Tik, vali inaachia gesi. Fuuu! Moto wa buluu huo, safu nzima, mzuri utafikiri wa harusi. Nikapiga kelele, "Imewaka!" Moja, mbili, tatu, nne... tik. Giza. Ikarudia. Fuuu, nne, tik. Mara ya tatu hivyo hivyo. Baada ya hapo ikasusa kabisa, ikabaki kupepesa kitaa chake chekundu kwenye kidirisha, kama mtu anayekukonyeza baada ya kukuibia.

Kitaa kile ndiyo lugha yake. Unahesabu kinavyopepesa, unasoma kwenye jedwali ugonjwa gani. Na jedwali limebandikwa wapi? Nyuma ya mlango wa hita. Na ukiufungua mlango, kuna swichi ya usalama inakata umeme, kitaa kinazimika! Yaani aliyebuni hiki chombo alitaka tuwe na kumbukumbu nzuri. Tukahesabu kwa pamoja, mimi na mke wangu, tukafungua.

"Sita," nikasema.

"Saba," akasema.

Sita, kwa jedwali letu, ni mambo ya gesi kutofika. Saba ni moto kuwaka lakini hauonekani. Nikacheka. Moto haujaonekana na nani? Mimi nimeuona, Mama Zuhura ameuona, hata paka ameuona! Nikaamua ni sita. Mwanamume ndani ya nyumba yake, akishasema sita, ni sita.

Nikaenda jikoni kuwasha jiko la gesi, likawaka. Gesi ipo. Nikabadilisha betri za themostati. Nikachomoa filta, chujio la hewa, nikakuta kitu kama blanketi la punda, sitaki kusema lina muda gani. Nikatoka nje na mwiko wa ugali kuangalia yale mabomba mawili meupe ya plastiki ukutani, maana hita hizi mpya huvutia hewa humo na kutolea moshi humo, na theluji ikiziba hazikubali kuwaka. Hakuna theluji. Kuna mimi tu, na mwiko, na jirani dirishani anajiuliza kama apige simu polisi.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku. Kosa kubwa. Dakika tano nina mafundi arobaini. Mmoja anasema kapasita. Mwingine anasema swichi ya presha. Wa tatu kaniletea dua. Wa nne anauza nyumba.

Kabla sijazima simu, Mama kanipigia kutoka Tanga. Kwao saa saba mchana, anajipepea na kawa. "Mwanangu, mbona umevaa kofia ndani?" Nikamweleza. "Sasa si uwashe jiko la mkaa uliweke chumbani, mlale?" Nikamwambia mama, humu madirisha yamefungwa kama kopo la samaki. Nikiwasha mkaa tutalala kweli, ila wa kutuamsha hatakuwepo, sumu ile haina rangi wala harufu. Akanyamaza kidogo, kisha akasikia maji. Nilikuwa nimelegeza mifereji yote idondoke, kwa sababu maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka, bomba linapasuka. "Unamwaga maji?" Mwanamke aliyenipeleka kisimani na ndoo miaka kumi. Sikuwa na la kujitetea.

Fundi akaja saa tatu asubuhi. Dola 189, siku ya mapumziko, na hizo ni za kuingia mlangoni tu. Kijana mpole, kavaa fulana! Akatazama kitaa. "Saba," akasema. Mama Zuhura akakohoa. Hana kikohozi.

Akafungua skrubu moja. Moja! Akachomoa kijiti cha chuma, chembamba kuliko spoku ya baiskeli. Akanieleza kwamba moto wenyewe hupitisha umeme, kidogo sana, sehemu za milioni za ampea, na kijiti hicho kazi yake ni kuupima. Kikishika utando, umeme haupiti, hita inadhani hakuna moto, inafunga gesi isije ikajaa ndani. Ikijaribu mara tatu, inajifungia. Yaani ni kama askari wa getini anayekudai kitambulisho na wewe ni shemeji yake. Moto unamchoma, na bado anauliza, "Moto uko wapi?"

Halafu akatoa mfukoni ule waya wa kusugulia masufuria. Akasugua. Sekunde kumi. Akarudisha. Fuuu! Moja, mbili, tatu, nne, tano... ukakaa.

Mia na themanini na tisa! Kwa kusugua! Mimi nimesugua masufuria ya pilau ya matanga, yale ya kuingia mtu mzima, kwa mchanga na majivu, na malipo yangu yalikuwa ukoko. Alipokuwa anaondoka akanipa ushauri wa bure: nikisikia harufu ya mayai viza, hiyo ni gesi inavuja, nisiguse kitu, tutoke nje sote ndipo tupige simu. Nikamshukuru. Cha bure hakirudishwi.

Basi juzi, ikarudia. Fuuu, nne, tik. Safari hii sikumwita mtu. Nikazima swichi ya ukutani, nikafungua skrubu yangu moja, nikasugua kijiti mpaka kikang'aa kama pete. Nikarudisha, nikafunga mlango, nikawasha swichi, nikasimama mikono kiunoni.

Kimya. Hata kifeni hakivumi. Hata kitaa hakipepesi. Nikaanza kuhesabu dola kichwani.

Mama Zuhura akashuka na kikombe cha chai mkononi. "Ngapi leo?"

"Haipepesi kabisa. Sifuri."

Akautazama mlango wa hita, kona moja haijaingia vizuri. Akausukuma kwa nyonga, chai haikumwagika hata tone. Tik. Kifeni kikaanza.

"Mia na themanini na tisa," akasema, na kiganja kimeshafunguliwa.