Kanuni ya saba: skauti wetu atii bila kuuliza?

Jumamosi moja saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela hapa Mwanza, mimi na wazazi wengine, tukiwasindikiza watoto wetu wa skauti waliokuwa wanavuka kwenda kupiga kambi kisiwani. Boti ilikuwa imeshaelea, injini inanguruma, akina mama wa dagaa wanatupita na ndoo vichwani. Kiongozi wa kikosi, binti wa darasa la saba, alikuwa anagawa maboya ya kuvaa. Alipofika mwisho wa mstari akarudi alikoanzia, akahesabu upya kwa kidole huku midomo ikicheza. Watoto 23. Maboya 17. Akamwendea mlezi wa kundi, akakakamaa, akapiga saluti na kusema, "Mwalimu, maboya yamepungua sita."

Mlezi alikuwa anabishana na nahodha juu ya nauli na upepo. Akamjibu bila kumtazama: "Ni hapo tu, pandeni. Kanuni ya saba inasemaje?" Binti akaitaja kanuni ya saba kwa sauti, ile ya skauti kutii amri bila kuuliza, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Kisha akabaki amesimama pale pale mchangani. Wenzake wa kikosi walipoona hapandi, nao hawakupanda. Mwishowe boti ikaondoka na waliokuwa na maboya, ikarudi na maboya yale yale, ikachukua waliobaki. Zilipotea kama dakika arobaini. Kambi ikafanyika, na Jumapili jioni watoto wakarudi wananuka moshi, wazima wote.

Kesi ikaanza Jumatatu. Walezi wakaitisha kikao na wazazi, ajenda moja: binti avuliwe uongozi wa kikosi kwa kukaidi amri mbele ya wenzake, au aachwe? Tulikaa saa mbili nzima tusielewane. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, na ninaandika kwa sababu naona si la kundi letu peke yetu. Linahusu kila mzazi wa kando ya ziwa hili anayemvisha mwanawe skafu.

Kwanza kanuni yenyewe. Robert Baden-Powell alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Katika mzingiro wa Mafeking, Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1900, aliona wavulana wadogo wakipewa kazi ya kupeleka ujumbe na wakaimudu. Mwaka 1907 akachukua wavulana wapatao 20, akaenda nao kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, huko Uingereza. Kambi ya kwanza kabisa ya skauti, kwa hiyo, nayo ilikuwa ya kuvuka maji. Mwaka uliofuata akatoa kanuni. Ya saba inasema skauti hutii amri za wazazi wake, za kiongozi wa kikosi chake au za mlezi wake bila kuuliza. Maelezo aliyoiwekea ndiyo yanayonigusa zaidi: hata skauti akipewa amri asiyoipenda, afanye kama wafanyavyo askari na mabaharia, aitekeleze mara moja, akishaitekeleza ndipo anaweza kuja kueleza sababu zake za kuipinga.

Shikeni hilo la "akishaitekeleza". Nitalirudia.

Waliotaka binti aadhibiwe hawakuwa watu wabaya, na hoja yao ilisimama. Aliyeitetea vizuri kuliko wote ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye wajukuu zake wawili wako kwenye kundi. Alisema majini hakuna kikao. Upepo ukigeuka katikati ya safari na nahodha akapiga kelele "Kaeni chini!", mtoto mmoja tu akisimama kuuliza kwa nini, boti imeshalalia ubavu. Utii wa namna hiyo, alisema, haujengwi siku ya hatari. Unajengwa kwenye vitu vidogo: kufika saa iliyopangwa, kunyamaza filimbi ikipulizwa, kukunja hema hata kama mikono imekufa ganzi kwa baridi ya alfajiri. Ukimruhusu mtoto achague amri ya kutii, umemfundisha kuchagua kila siku, na siku ya shida atachagua vibaya.

Ninamwelewa mzee huyu kwa sababu mimi mwenyewe ni zao la ukali huo. Nilikuwa skauti nikisoma shule ya msingi hapa Mwanza. Mwalimu wetu alitufundisha fundo la kitanzi kisichokaza, lile la kumpitishia mtu kifuani umvute, na hakuridhika mpaka tulifunge macho yamefumbwa, kisha mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kisha tukiwa tumeloa. Tulilia. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ya nini. Leo ukinipa kamba usingizini nitalifunga fundo lile. Kama angetuomba maoni, tungemwambia twende tukacheze mpira, na nisingekuwa na kitu mkononi cha kumpa mwanangu.

Tena utii haukuletwa na skauti. Mtoto wa kwetu huamka na shikamoo, na hupokea kitu kwa mikono miwili. Usukumani alikuwapo nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliyewapanga kwenye kilimo cha pamoja, na kijana aliyekwepa jembe la wenzake hakubaki salama na jina lake. Wanaosema kanuni ya saba ni mzigo wa kijeshi wa Mwingereza hawajalelewa na bibi yangu. Mgeni hasa kwetu ni ule mkono wa kushoto. Skauti husalimiana kwa kushoto, na nakumbuka baba mmoja aliyekasirika nusura amzabe mwanawe kibao siku mtoto alipompa mkono huo kwa furaha, akiwa ametoka kula ahadi. Ilibidi mwalimu aje nyumbani kueleza. Na tulipatana: kushoto ni kwa skauti kwa skauti, wazee wanapewa kulia. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kanuni za skauti zimewahi kujadiliwa hapa na kupata mahali pake, na skauti haikufa.

Sasa upande wa pili. Kwenye kikao, aliyemtetea binti hakuwa mwanasheria wala mwalimu. Ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alisimama, akafunga kanga upya, akasema maneno machache: "Waliokuwa kwenye MV Bukoba walitii. Waliambiwa pandeni, wakapanda." Akakaa. Kikao kikanyamaza.

Kwa wasomaji mliozaliwa baadaye: meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa imezidisha watu. Waliokufa ni zaidi ya 800, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa hatua chache tu kitie gati kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kivuko kile kilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 100. Kila mara yalipotokea haya tulisikia neno lile lile la mlezi wetu, "ni hapo tu". Ukara ilikuwa inaonekana. Mwanza ilikuwa inaonekana.

Hapa ndipo lile "akishaitekeleza" linaponishinda kulimeza. Baden-Powell alidhani kuna muda wa baada. Mtoto achimbe shimo la choo kambini ingawa haoni maana yake, halafu jioni aje aeleze. Hilo sawa, shimo halijamwua mtu. Lakini kuna amri ambazo baada yake haipo. Ukishapanda boti isiyo na boya lako, na ikapinduka, utamweleza nani sababu zako? Binti alilijua hilo, pengine bila kuweza kulisema. Ndiyo maana hakutoa hotuba, hakumjibu mwalimu kwa ukali, hakuwachochea wenzake. Alihesabu, akaripoti kwa saluti, akasimama. Nimewauliza walezi watatu wanionyeshe alipokosa adabu, na hakuna aliyenionyesha.

Lipo na jingine ambalo kwenye kikao lilisemwa kwa kuzungukazunguka, nami nitalisema wazi. Mtoto aliyefundishwa kumtii mtu mzima bila kuuliza hana kinga siku mtu mzima huyo akimwita hemani usiku. Walezi wetu ninawafahamu na sina shaka nao. Lakini kanuni haiandikwi kwa ajili ya walezi tunaowafahamu tu, na watoto hawa wanakutana na watu wazima wengi: kwenye makongamano, kwenye safari, kwenye kambi za mkoa. Mwenye nia mbaya hatafuti mtoto mkaidi. Kwangu hoja hii peke yake inatosha kuyaondoa maneno "bila kuuliza", hata kama tungekuwa tunaishi jangwani.

Tena tutakuwa wa mwisho kulifikiria hili. Uingereza kwenyewe, kanuni zilipopitiwa upya mwaka 1967, zikapunguzwa kuwa saba na ile ya kutii amri ikaondolewa. Skauti wa huko akabaki na kuaminika, uaminifu, ujasiri, heshima kwake na kwa wengine. Marekani hawakuiondoa. Waliuacha utii, ila vitabu vyao vimemfundisha kijana kwamba akiona sheria si ya haki, atafute kubadilishwa kwake kwa utaratibu badala ya kuivunja. Mimi naikubali zaidi njia ya Marekani kuliko ya Uingereza. Kuufuta utii kabisa kungemkosea yule mzee mstaafu, na kungemkosea mwalimu wangu wa mafundo.

Lakini hata ya Marekani haitoshi kwa pwani ya ziwa, kwa sababu nayo bado inadhani kuna muda. Kubadilisha kwa utaratibu, lini, wakati injini inanguruma? Sisi tunahitaji kitu kifupi zaidi. Nionavyo, amri inayohusu roho za watoto, yaani kupanda chombo, kuogelea, kuwasha moto, kulala wapi na nani, iwe na masharti yanayojulikana kabla: idadi ya watu, idadi ya maboya, nani yupo, nani hayupo. Na mwenye kuhesabu awe kiongozi wa kikosi. Hesabu yake ikigoma, safari imegoma, na mlezi hana mamlaka ya kuipindua. Hesabu ikitimia, hapo tena hakuna mjadala, tukisema kaa unakaa, na mzee mstaafu apewe filimbi. Kiongozi wa kikosi amewekwa kwa ajili gani, kama si kubeba dhamana ya wenzake sita au wanane? Tukimnyima dhamana hiyo tunabaki na mtoto wa kuongoza gwaride na kuwavisha wageni skafu.

Na hilo la wageni nalo lina maumivu yake. Mara ngapi tumeona skauti wamepangwa juani tangu saa moja, kiongozi anayesubiriwa anafika saa sita, na hakuna aliyewaletea maji? Watoto hawaulizi, kwa sababu wameambiwa skauti hutabasamu na kupiga mluzi wakati wa shida. Yapo na mengine, bei ya sare, michango, mtoto kufukuzwa kundini kwa kukosa Jumamosi tatu wakati Jumamosi ndiyo siku anayomsaidia mama yake gengeni. Hayo yanastahili kikao chake.

Upo wasiwasi mmoja ninaoukubali na sina jibu lake kamili. Mlezi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka: "Mkimwacha bila lolote, Jumamosi ijayo watoto kumi watakataa kufagia kwa kusema ni hatari." Inawezekana. Watoto ni watoto. Mlezi huyu anajitolea, halipwi, na siku ile alikuwa ameamka saa kumi usiku kutafuta boti ambayo mfuko wa kundi ungeimudu. Kumvua binti uongozi ni kosa. Kumfanya mlezi achekwe na watoto nalo ni kosa. Kutofautisha ufagio na boya kunahitaji mtu mzima anayesema mbele ya kundi lote, "Siku ile nilikosea hesabu, naye alipatia. Ufagio huu hapa." Nadhani anaweza kulisema. Alikuwa mwalimu mzuri kabla ya Jumamosi ile na bado ni mwalimu mzuri.

Kikao kinaendelea wiki hii, saa kumi jioni, darasa la sita B. Mama wa dagaa ameshaniambia atafunga meza mapema ili awahi. Mzee mstaafu atakuwepo, nami nimeomba nikae karibu naye. Nitapendekeza binti abaki na kikosi chake, na daftari la kuhesabia maboya lipewe jina lake kwenye jalada. Na nitakuja na pesa ya boya moja. Yanabaki matano.