Maji ya chupa au ya kuchuja? Jibu liko kwenye bomba lako

Familia ya watu watano jijini Dar es Salaam, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, humaliza lita 300 kwa mwezi. Hizo ni sawa na madumu 16 ya lita 18.9, yale yanayogeuzwa kichwa chini juu ya dispensa, na hapo chai na uji havijaguswa. Zidisha 16 kwa bei ya dumu mtaani kwako, kisha weka pembeni bei ya chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya kauri (vichujio vya udongo wa kuchoma vyenye umbo la mshumaa), pamoja na mishumaa ya kubadilisha. Kwa pesa, chujio hushinda mapema sana. Ila hesabu hiyo ina maana pale tu ambapo chujio linaweza kuondoa kile kilichomo kwenye maji yako, na hapo ndipo nyumba na nyumba hutofautiana.

Chukua maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotoka Mto Ruvu. Mtamboni hutoka yakiwa na klorini. Njiani kuna mgao: bomba likikosa presha, maji machafu ya ardhini hupenya kwenye nyufa, na maji ya bomba yakirudi huyasukuma mpaka kwako. Yakikaa siku kadhaa kwenye simtank, klorini huisha. Kwa maji hayo adui ni vijidudu, na mshumaa wa kauri unawaweza wengi wao. Vitundu vyake ni vidogo kuliko bakteria na vimelea kama amiba, hivyo hukwama nje. Virusi, kwa udogo wake, hupita. Kwa hiyo baada ya kuchuja, ama chemsha yatokote kwa dakika moja nzima, ama weka kidonge cha klorini cha lita 20 na usubiri dakika 30. Usianze na klorini kwenye maji ya tope, kwa kuwa tope huimaliza kabla haijafika kwa vijidudu.

Chujio hili huharibikia mahali padogo sana: kwenye washa ya mpira iliyo kati ya mshumaa na sakafu ya ndoo ya juu. Washa ikikaa upande, au nati ikilegea, maji hupita pembeni bila kuchujwa. Mishumaa miwili mizima hutoa lita 1 au 2 tu kwa saa, basi. Siku chujio likianza kukimbia bila wewe kuligusa, usishangilie. Fungua, loweka mshumaa mpaka ushibe maji, uzamishe, kisha pulizia hewa kwenye shina lake kwa kipande cha mpira safi. Mapovu yakitoka kwa mfululizo sehemu moja, hapo pana ufa na mshumaa ni wa kutupa. Kuuosha ni kwa mswaki laini na maji peke yake. Sabuni hunywewa na kauri na utaionja wiki nzima.

Kwenye kisima kirefu chenye chumvi, kama vilivyo vingi karibu na pwani, mambo hugeuka. Mshumaa hauzuii chumvi, wala kuchemsha hakuiondoi. Kinachoiweza ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi, na muuzaji huwa hasemi kila kitu. Utando wake unataka presha ya bar 3 hivi, na kila mita 10 za kimo hutoa bar 1 tu. Simtank iliyo mita 6 juu ya koki inakupa bar 0.6. Bila pampu ya kuongeza presha, na umeme wa kuiendesha, utapata matone. Halafu kwa kila lita unayokunywa, mashine humwaga lita 2 mpaka 4 za maji yenye chumvi zaidi. Yanafaa kudekia na chooni, lakini kwa anayenunua maji kwa boza hiyo ni hasara ya wazi. Kwa nyumba ya namna hii dumu la dukani lina haki yake, kwa maji ya kunywa tu.

Miteremko ya Mlima Meru ina jambo zito zaidi: floridi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Haina rangi wala harufu, na mwenyeji wa kata ya Maji ya Chai anaijua kwa meno ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua na floridi hubaki. Mshumaa huiachia ipite. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, huinasa vizuri, ila siku ukishiba huacha kunasa bila ladha kubadilika. Bila kupima utajuaje? Kwa watoto ambao meno ya utu uzima bado yanajengeka, ningechagua RO inayotunzwa au maji ya chupa, tena baada ya kusoma kiasi cha floridi kwenye lebo. Chupa nayo hujazwa kutoka chanzo fulani.

Hilo ndilo husahaulika na wanaoiamini chupa. Maji mengi ya dukani ni ya kisima yaliyopitishwa RO na kuuliwa vijidudu kiwandani. Unanunua chujio la mtu mwingine pamoja na mafuta ya lori lake. Chujio hilo linaweza kuwa zuri kuliko lako. Tazama alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe, na kama kifuniko hakijaguswa. Dumu lililokaa juani, likaota ukijani ndani, rudisha.

Na dispensa nayo ina tangi lake ambalo wengi hawajawahi kulifungua. Kila dumu linapogeuzwa, shingo iliyoshikwa na mikono huzama humo. Mara moja kwa mwezi chomoa umeme, mwaga maji yote, jaza lita 5 zenye vidonge vinne vya klorini, pitisha kidogo kwenye kila koki, acha dakika 30, kisha suuza mara mbili. Maji ya kwanza ukiona yana utelezi, ujue ulikuwa unalipia maji ya kiwandani ukinywa ya tangi.