Kichwa cha Tairodi Hakibanwi, Hubadilishwa

Mwezi uliopita nililala chini ya Land Cruiser yangu, uani kwangu Kasarani, Nairobi, nikakuta kwamba nati ya kichwa kimoja cha tairodi (kiungo kilicho mwishoni mwa fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele ili yageuke pamoja) haikufungiwa kwa pini yake bali kwa msumari uliokunjwa. Ulikuwa msumari wa mbao, ulioachwa hapo na gereji niliyoipelekea gari miezi minane kabla. Katika miezi hiyo nilikuwa nimewabeba wanangu hadi Magadi na kurudi, nikashuka nao kuelekea Bonde la Ufa, bila kujua kwamba nati inayozuia gurudumu la mbele lisijiendee litakako ilikuwa imeshikwa na chuma laini kisicho na kazi mahali pale. Nilikasirika, na bado nina hasira, kwa sababu pini halisi ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika gari zima.

Tangu siku hiyo nimeshikilia maoni mawili. La kwanza ni kwamba mwenye gari la porini anayejua kutumia spana na asiye na haraka anafaa kubadilisha vichwa vya usukani mwenyewe, nyumbani. La pili, ambalo najua mafundi wengi hawatalipenda, ni kwamba kichwa kilichochakaa hakifai kubanwa hata mara moja.

Kubana ni desturi ya siku nyingi. Gari linapoanza kutangatanga barabarani, fundi hukitoa kichwa, akakikandamiza kifuniko chake kwa presi au kwa nyundo hadi mchezo, yaani kule kulegea kwake, uishe, akajaza grisi na kukirudisha. Mteja huondoka akiwa ameridhika, maana usukani umekazika kweli. Lakini gololi iliyo ndani ya kichwa hailiki sawasawa pande zote. Huliwa zaidi pale inapokaa gari likiwa linakwenda moja kwa moja, kwa kuwa ndipo inapofanya kazi muda mwingi. Ukiibana ikaenea vizuri hapo, itakuwa imekaza kupita kiasi ukikata kona, na kifuniko nacho, baada ya kugongwa, hakina tena nguvu iliyokusudiwa. Mchezo utarudi baada ya wiki chache za barabara ya murram, na safari hii hakutakuwa na cha kubana.

Kinachoua vichwa hivi, mara nyingi, ni raba inayovifunika kupasuka. Raba ikishapasuka, grisi hutoka na vumbi la Kajiado huingia, kisha maji ya mto wa kwanza utakaouvuka hugeuza mchanganyiko huo kuwa kama msasa unaosaga chuma kila usukani unapogeuka. Kwenye gari lenye ekseli nzima ya mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, uchakavu huo unaweza kuleta mtetemo mkali wa magurudumu baada ya kugonga shimo ukiwa kwenye mwendo, hadi usukani ukakushinda mikononi.

Kupima hakuhitaji mashine. Magurudumu yakiwa chini, mpwa wangu alishika kila kichwa kwa kiganja huku mimi nikiutikisa usukani kidogo kushoto na kulia. "Mjomba, hiki kinacheza kabla gurudumu halijasogea," akaniambia, na alikuwa sahihi. Vichwa vilikuwa vinne, viwili vya tairodi na viwili vya fimbo inayotoka kwenye boksi ya usukani, na nilivibadilisha vyote, kwa kuwa vilikuwa vimekula vumbi lile lile. Nilikwenda navyo vya zamani kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, kwani tairodi ina kichwa kimoja chenye hesi (mikato ya skrubu) za kulia na kingine chenye hesi za kushoto, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa viwili vya upande mmoja.

Kazi yenyewe huanza kwa kulikalisha gari juu ya stendi za chuma, wala si juu ya jeki peke yake au mawe. Kisha pima urefu wa fimbo kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya kingine, na uuandike, ili uvifunge vipya kwa urefu huo huo. Kichwa kikiwa kimeng'ang'ania, wengi hupiga ncha ya skrubu yake na kuziharibu hesi. Ilegeze nati bila kuitoa, uegemeze nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa gurudumu, yaani tundu ambamo kichwa kimekaa, kisha upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Jicho hupanuka kidogo sana na kichwa hujitoa chenyewe. Mimi nilipiga mapigo manne.

Wakati wa kufunga, kaza nati kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, endelea kukaza hadi lilingane. Usiirudishe nyuma hata kidogo. Pini iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa haitumiki tena. Halafu geuza usukani hadi mwisho wa pande zote mbili, ukiangalia kama kuna kinachogusa mpira wa breki.

Wapo wanaosema usukani ni jambo la hatari mno kufanyiwa nyumbani. Hofu hiyo naiheshimu, na asiye na stendi wala spana ya kupimia nguvu ya kukaza asijaribu. Ila hatari niliyoikuta chini ya gari langu haikutoka nyumbani; ilitoka kwa watu wa kazi, waliokuwa na gari jingine likisubiri nyuma ya langu.

Sehemu moja niliwaachia wenye mashine, nayo ni alaimenti, yaani kuyapanga magurudumu yaelekee sawasawa. Urefu nilioupima ulinitosha kulifikisha gari kwao polepole. Kumbuka tu kuwaeleza kwamba tairodi hurekebisha jinsi magurudumu yanavyoelekeana, na fimbo ya boksi huuweka usukani katikati, wasije wakaung'oa usukani na kuuvika upya ili uonekane umenyooka. Wakimaliza, lala chini ukague kama wamezikaza klampu za fimbo. Zangu walikuwa wameisahau moja.