Kilo 93 za mchele

Jumatatu nilifundisha makadirio. Darasa la Tano, ubao umejaa, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikawaambia: kabla hujagusa kikokotoo, kadiria kwanza kichwani. 198 mara 5? Ifanye 198 iwe 200, zidisha kwa 5, jibu liwe karibu na 1,000. Mashine ikikuletea 9,900, ujue kidole kimeteleza. Watoto wakaitikia "ndiyooo, mwalimu". Nikafuta ubao najiona profesa.

Ijumaa nikatumwa mchele.

Yalikuwa mahafali ya Darasa la Saba, Septemba, hapa Mikindani. Mkuu wa shule alisema fedha za chakula ashike mtu wa hisabati, ili mambo yasiharibike. Michango ilipatikana kwa kusukumana, maana mwezi huo minada ya korosho bado haijaanza, ukimwomba mzazi shilingi 2,000 anakujibu, "Mwalimu, subiri msimu." Ikafika 250,000: mchele, nyama, viungo, vyote humo.

Mpishi alinipa kipimo cha robo kilo kwa kila mtu. Wanafunzi 90, walimu na wageni 12. Kwenye daladala ya kwenda Mtwara mjini, goti langu likiwa limeegemea ndoo ya pweza ya mtu, nikatoa simu nikabonyeza: 90 + 12 × 0.25. Simu ikasema 93. Haya, kilo 93.

Dukani kijana muuzaji akauliza watu wangapi, nikamtajia. Akavuta kikokotoo chake, lile dude kubwa la kutumia mwanga, vitufe vimefutika namba, mgongo umeshikiliwa na gundi ya karatasi. Akabonyeza vilevile nilivyobonyeza mimi. "Mwalimu, ni kilo 25 na nusu."

Nilimhurumia. Wallahi nilimhurumia.

"Kijana, hicho kidude kinakokotoa kila kinapobonyezwa, kushoto kwenda kulia. Hakijui MAGAZIJUTO!" Nikageukia wateja, kwa sababu mwalimu akiona watu watano wamesimama pamoja anaona darasa. "Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa! Kuzidisha kunatangulia kujumlisha. 12 mara 0.25 ni 3. Jumlisha 90, ni 93. Simu yangu inaijua kanuni, dude lako haliijui." Mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi akatikisa kichwa: "Wasomi bwana."

Na kila nilichosema kilikuwa sahihi! Ndicho kinachoniuma hadi leo. Kanuni sahihi, simu sahihi, hata maelezo ya kidude sahihi. Ila zile kilo 3 zilikuwa za walimu na wageni peke yao, na ile 90 niliyoijumlisha haikuwa kilo, walikuwa watoto. Nilichukua watoto 90 nikawajumlisha na kilo 3 za mchele. Nilitakiwa niwafunge watu wote ndani ya mabano kwanza, halafu ndiyo nizidishe. Nimeihubiri MAGAZIJUTO duka zima, nimeruka MA.

Kijana hakubishana na mteja. Kilo shilingi 2,500, jumla 232,500. Ikabaki 17,500, na nyama bado. Unadhani nilishtuka? Nilikasirika! Kwenye bajaji ya kurudi, iliyokuwa imechuchumaa kwa uzito, niliwalaumu wazazi njia nzima kwa kuchanga kidogo.

Sasa mpishi wetu ni bibi mwenye mikorosho yake. Kila msimu anasimama kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anahesabu kilo na makato kichwani, na karani akiteleza bibi anajua kabla karani hajamaliza kuandika. Akaizunguka ile bajaji, akabonyeza mfuko mmoja kwa kidole.

"Mwalimu, tunamlisha nani?"

"Watu 102, bibi."

"Kilo moja wanakula wanne. Watu mia, kilo ishirini na tano. Hapa umeniletea gunia la korosho na chenji yake."

Hata kuni hakuiweka chini. Kando yake alikuwa binti wa Darasa la Tano anayemsaidia, akasema kwa nia njema kabisa: "Ndiyo makadirio, bibi. Mwalimu katufundisha Jumatatu."

Nikarudi mjini mbio. Ukutani, mahali nilipokuwa nimeegemea wakati nahubiri, palikuwa na maandishi: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Kijana akaniuliza kwa upole kama ningependa aniuzie na kikokotoo.

Mahafali yalifanyika. Ile 17,500 ilitoa viungo na pweza wawili, bibi akawakatakata vidogo sana hata mgeni rasmi alipompata pweza alidhani ni kitunguu kilichogoma kuiva.

Jumatatu nikaitwa kwenye kamati ya shule. Mwenyekiti ni mzee mstaafu, miwani puani, karatasi ya matumizi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kukiri, lakini ulimi ukatafuta uchochoro:

"Mwenyekiti, kwa kweli tatizo lilikuwa kikokotoo."

Mzee akavua miwani.

"Kikokotoo!" Akapiga meza. "Hicho hicho! 2018 kikokotoo cha pensheni kikaja na asilimia 25 ya mkupuo, wafanyakazi tukapiga kelele, kikasimamishwa. 2022 kikaja na 33. 2024 wakakisogeza 40. Na sisi tuliostaafu katikati je? Kijana wa watu anafanya kazi maisha yake yote, mwisho anakuja kumalizwa na kikokotoo!"

Aliongea karibu nusu saa. Wajumbe wakaitikia, mmoja akafuta jicho. Mkuu wa shule alijaribu mara mbili kuurudisha mchele kwenye ajenda, akanyamazishwa. Mimi nimeinamisha kichwa kama mfiwa. Mwishowe mzee akaja akaniwekea mkono begani, sauti imeshuka.

"Pole sana, mwanangu. Na wewe wamekukata ngapi?"

"Kilo 67 na nusu, mwenyekiti."