Michael Constantine ni mwalimu mkuu kwanza

Ukimtaja mwigizaji wa Marekani Michael Constantine, wengi watamkumbuka baba wa Kigiriki katika filamu ya 2002, My Big Fat Greek Wedding, yule Gus anayeamini dawa ya kusafishia vioo inaponya kila maradhi. Naipenda filamu ile. Lakini tukiishia hapo hatumtendei haki. Kazi yake kubwa aliifanya zaidi ya miaka 30 kabla, kwenye televisheni, akiwa Seymour Kaufman, mwalimu mkuu katika Room 222.

Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC kuanzia 1969 hadi 1974. Steringi alikuwa Lloyd Haynes, akiigiza mwalimu Mweusi wa historia katika sekondari moja ya Los Angeles, enzi ambazo mwigizaji Mweusi kubeba tamthilia nzima Marekani lilikuwa jambo adimu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Constantine. Mtu anayeigiza bosi Mzungu angeweza kabisa kuuteka mchezo, kila tatizo likaishia mezani kwake. Yeye hakufanya hivyo. Kaufman wake amechoka, mabega yameshuka, anasikiliza mpaka mwisho, anatupa jibu fupi lenye uchungu na ucheshi, kisha anamwachia mwenzake uwanja. Tuzo ya Emmy ya 1970, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi aliipata kwa haki.

Ufundi wa namna hiyo hauji hivi hivi. Alizaliwa 1927 huko Reading, Pennsylvania, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, baba yake mfanyakazi wa chuma. Akisaka nafasi New York aliwahi kuwa mlinzi wa usiku. Kwenye jukwaa la Broadway, kitovu cha tamthilia za jukwaani New York, alikuwamo katika mchezo wa The Miracle Worker, 1959. Televisheni ikamzungusha kwenye tamthilia mbalimbali: leo The Untouchables, kesho The Fugitive, siku nyingine sherifu wa The Twilight Zone. Anaingia, anaipa hadithi uzito, anaondoka, na jina lake hulikumbuki.

Kituo cha televisheni cha NBC kilimpa usteringi 1976, akiwa jaji katika tamthilia ya Sirota's Court, ila haikudumu.

Alifariki Agosti 31, 2021, akiwa na miaka 94, huko huko Reading. Taarifa nyingi za kifo chake zilimtanguliza Gus, na naelewa kwa nini. Hata hivyo, ukivipata vipindi vya Room 222, mtazame Kaufman pale ambapo wengine ndio wanaozungumza.