Aproni baadaye, nitafutie choo kwanza

Mdogo wangu amenitumia picha ya kitambaa. Anataka tuwashonee mama lishe wa Majengo aproni za rangi moja, ili wageni wangu wakifika Dodoma mwezi wa nane wakute mambo yamepangika. Nimemjibu: weka kitambaa pembeni, nitafutie choo.

Naishi Berlin, mwaka wa tisa sasa. Wenzangu sita wa kazini wanakuja nyumbani nami, na hawataki kusikia habari za mbuga. Wanataka tutembee kwa miguu, wale wanachokula watu wa mjini kwetu. Kosa ni langu, nimewasimulia mno.

Berlin matembezi hayo ya kula barabarani ni biashara kamili. Niliwahi kulipa euro 60, zaidi ya laki moja na nusu ya kwetu, nikafuata mwavuli wa kijani wa kiongozi wa matembezi kwa saa tatu. Kila kibanda tulichofika tulikuta vipande vimeshakatwa kwa hesabu ya vichwa vyetu. Dakika kumi, twende. Tulipofika mtaa wa Charlottenburg tukaonyeshwa kibao ukutani. Ni cha Herta Heuwer, mama aliyekuwa na kibanda pale, ambaye mwaka 1949 alichanganya sosi ya nyanya na bizari akaimwagia soseji. Leo hiyo currywurst ndiyo sura ya mji. Soseji yenyewe haikunikuna, lakini kile kibao nilikitazama mpaka mwavuli ukaniacha. Muuza chakula wa barabarani, jina lake ukutani! Kwetu chipsi mayai ziko kila kona, na sijakutana na mtu anayejua nani wa kwanza kuyamwaga mayai juu ya chipsi.

Mwaka jana nilipokuja likizo nikajaribu kupanga njia yetu vilevile, kwa daftari na saa. Saa moja asubuhi supu ya mbuzi na chapati, saa tatu vitumbua, saa kumi mihogo. Supu ilikwenda sawa. Kwa mama wa mihogo nikakuta karai liko motoni, mwenyewe hayupo. Anayekaanga ni jirani yake, muuza nyanya.

"Yuko msibani Kizota. Wewe kula tu, dada."

Akapasua kipande cha muhogo katikati, akapaka pilipili, akajaza kachumbari, akanifungia kwenye gazeti. Hela yangu hakuitia kwenye kibindo chake. Aliitupia kwenye kopo lililokuwa chini ya kigoda, lenye kifuniko kilichotobolewa. Akaja mteja wa nyanya, hela ikaenda kibindoni. Wa mihogo, kopo. Nilikaa pale karibu nusu saa, na mkono ule haukukosea hata mara moja. Mwenye kibanda wa Berlin akifiwa hubandika karatasi mlangoni, na tunampa pole tukiwa tunaelekea kibanda cha pili. Daftari nikalifunga.

Tangu siku hiyo ninapanga kwa kufuata jua. Supu ni kabla ya watu kuingia ofisini. Mchana jua likiwaka, kumtembeza Mzungu Barabara ya Tisa ni kumtafutia ugonjwa, kwa hiyo alale. Baada ya saa kumi na moja mji unaamka tena: mishikaki, mahindi ya kuchoma, chipsi, na kahawa. Mwezi wa nane upepo wa jioni Dodoma unauma, na birika la kahawa juu ya mkaa lina watu wake wanaobishana siasa na mpira. Zabibu nazo huwa ndio msimu, kwa maana mizabibu yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Jumamosi tutapanda daladala hadi mnadani Msalato kwa mbuzi choma. Mlenda na ugali wa uwele, chakula chenyewe cha Wagogo, ndio wa kutafuta kwa tochi. Mama lishe ninayemjua anataka umwagize jana yake.

Sasa yale ambayo Berlin wametushinda. Vikombe vya kahawa vikisuuzwa jioni nzima kwenye kopo lilelile, hapo sitawatetea ndugu zangu. Maji yanayotiririka na sabuni ningevichukua Berlin leo hii. Bei iliyoandikwa pia, maana najua sura za wageni wangu zitapandisha mshikaki. Na choo! Watu saba, supu asubuhi, juisi ya miwa, kahawa. Njia yote nimeichora upya kutoka choo cha kulipia hadi choo cha kulipia, mishikaki ikakaa katikati.

Mwavuli, hapana. Aproni, hapana. Kila mgeni atanunua chake kwa mkono wake, hela iende kwa mwenye jiko, na asiyenunua asipige picha. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nitawafundisha kwenye treni ya umeme tukitoka Dar.

Ila kile kibao cha Charlottenburg bado kinanisumbua. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara nchi nzima na kupangiwa maeneo mengine. Njia zikapitika, sikatai. Lakini mama aliyeniuzia maandazi tangu niko shule ya msingi nilimpata baada ya kuuliza bodaboda watatu, na alikuwa ameanza upya kutafuta wateja akiwa na miaka sitini na kitu. Mtu kama huyo, kibao chake tungekipigilia ukuta gani?

Nikiwa naandika haya mdogo wangu amejibu. Choo kizuri amekipata, kina maji na sabuni, hatua chache kutoka kwa muuza kahawa.

"Ila, dada, wanafunga saa kumi na mbili jioni."

Muuza kahawa hufika saa kumi na mbili na robo.